Degedege, Malaria na Hofu ya Sindano: Historia ya Kijamii ya Ugonjwa wa Watoto Tanzania Bara

Historia ya afya nchini Tanzania mara nyingi imeandikwa kama historia ya hospitali, dawa na sera. Mtazamo huo huacha swali moja muhimu bila jibu: kwa nini familia iliyozoea kuitumia zahanati kwa homa iliikwepa zahanati hiyohiyo pale mtoto alipopatwa na hali ya hatari zaidi? Insha hii inalijadili swali hilo kwa kutumia mfano wa degedege. Hoja kuu ni kwamba hofu ya kumpeleka hospitali mtoto mwenye degedege haikutokana na ukosefu wa elimu pekee. Ilikuwa hitimisho lililojengwa juu ya yale ambayo wazazi waliyashuhudia, na namna huduma zilivyopangwa ililipa nguvu hitimisho hilo.

Degedege ni hali inayomshika mtoto mdogo ghafla: mwili hukakamaa, viungo hutetemeka, macho hupinduka na fahamu hupotea. Katika maeneo mengi ya pwani, jina hilo limehusishwa na dege, yaani ndege mkubwa au pepo mwenye umbo la ndege apitaye juu ya mtoto usiku. Tiba iliendana na maelezo hayo. Mtoto alifukizwa, wakati mwingine kwa moshi wa mavi ya tembo. Aliogeshwa maji ya majani ya dawa. Pengine alimwagiwa mkojo ili azinduke. Kwa upande wa tabibu wa hospitali, dalili hizohizo zaweza kuwa mtukutiko wa homa unaopita wenyewe, au malaria kali iliyofika kwenye ubongo, ambayo huletwa na vimelea vya Plasmodium falciparum na huua upesi.

Tofauti ya majina ilizaa tofauti ya njia za tiba. Tafiti zilizofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996, zikiwamo za Peter Winch, A. M. Makemba na wenzao, zilionesha kwamba wakazi waliitambua "homa ya malaria" kama maradhi ya kawaida yanayotibika kwa dawa za zahanati au za dukani. Degedege ilihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye chanzo chake na waganga wake. Hali hiyo ilikuwapo zaidi ya miaka 20 baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya kujifunzia iliwafikia watu wapatao milioni 2, malaria ikiwa miongoni mwa mada zake. Mtu aliweza kukubali kwa dhati kwamba mbu huleta malaria, na wakati huohuo asione uhusiano wowote kati ya mbu na degedege. Somo lilikuwa limeeleweka. Jina lililofundishwa ndilo lililokuwa finyu.

Imani iliyowatia wahudumu wa afya wasiwasi zaidi ni ile iliyodai kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Ni rahisi kuiita imani hiyo ushirikina, lakini mantiki yake yafaa kuchunguzwa. Mitukutiko mingi ya homa hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Mtoto aliyefukizwa akapata nafuu alionekana kuwa ameponywa na mganga. Yule ambaye hakupata nafuu, yaani mwenye malaria kali, ndiye aliyepelekwa hospitali, mara nyingi baada ya saa nyingi au siku nzima kupotea. Huko alipewa kwinini kwa sindano, na wengi wa waliochelewa hivyo walifariki. Jamaa waliona mfuatano ulio wazi: sindano, kisha kifo. Hofu ilisababisha ucheleweshaji, ucheleweshaji ukasababisha vifo, na vifo vikaithibitisha hofu. Mzunguko huo haukuweza kuvunjwa kwa kuwaambia wazazi kwamba wamekosea, kwa kuwa macho yao yaliwaambia vinginevyo.

Aidha, uamuzi haukuwa wa mama peke yake. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu Zaire ya Chini, alionesha kwamba tiba husimamiwa na kundi la jamaa wanaojadiliana kwa niaba ya mgonjwa, na Steven Feierman aliona jambo la namna hiyo miongoni mwa Washambaa. Katika degedege, bibi alikuwa na sauti kubwa kwa sababu ya uzoefu wake wa kulea, na baba kwa sababu ndiye aliyeshika fedha ya nauli. Mama aliyemkimbiza mtoto hospitali bila ridhaa yao alijua lawama itamwangukia nani iwapo mtoto angefariki.

Dola nayo iliuweka mpaka huo. Sheria ya uchawi ya mwaka 1928 iliwatia waganga katika mashaka ya kisheria wakati wa ukoloni. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilisogeza zahanati vijijini, na mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili. Hata hivyo, kuchunguza mitishamba katika maabara ni jambo moja, na kushirikiana na mganga anayeitwa usiku wa manane ni jambo jingine. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, sera iliwasamehe watoto wa chini ya miaka 5, lakini haikuondoa nauli wala uhaba wa dawa vituoni. Mganga alibaki kuwa jirani.

Mabadiliko yalikuja pale watafiti walipoacha kuipinga degedege na kuanza kuitumia kama mlango. Utafiti wa E. A. Makundi na wenzake katika wilaya za Kilosa na Handeni, uliochapishwa mwaka 2006, uliwatazama waganga kama kiungo cha kuwafikisha watoto hospitali. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuwa imeshawapa nafasi rasmi. Jaribio lililofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2009, lilionesha kwamba dawa ya atesuneti inayowekwa kwenye njia ya haja kubwa, kabla ya safari ya kwenda kituoni, ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu miongoni mwa wagonjwa waliokawia kufika kwa zaidi ya saa 6. Dawa hiyo ilikwenda kijijini, na haikuhitaji sindano.

Kwa mwanahistoria, degedege inatahadharisha dhidi ya kuugawa uzoefu wa wagonjwa katika maarifa upande mmoja na imani upande wa pili. Wazazi walikuwa na ushahidi. Walichokosa ni nafasi ya kuwaona watoto waliofika mapema wakapona. Nafasi hiyo haikuwa mikononi mwao. Ilitegemea umbali wa kituo, dawa zilizokuwamo kabatini, na lugha ambayo mhudumu aliitumia alipompokea mama aliyetokea kwa mganga.