Meza na Kitambaa Chake

Je, Myahudi aruhusiwa kula wali wakati wa Pasaka? Yapo majibu mawili, na yote mawili ni sahihi. Zamani mtu alimwendea rabi wa mtaani kwake, akajibiwa kwa desturi ya wazee wake. Siku hizi wengi huiuliza intaneti, nayo hujibu upesi bila kumwuliza kwanza, wewe mtoto wa nani?

Tatizo si geni. Yosef Karo alizaliwa mwaka 1488. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492 alikuwa bado mtoto. Ukubwani, katika miji ya dola ya Kituruki, aliishi kati ya watu wa asili mbalimbali, kila kundi na hukumu zake. Akatumia miaka ishirini, 1522 hadi 1542, kuzichambua hukumu hizo tangu Talmudi. Njia yake ya kukata shauri ilikuwa nyepesi: aliwaweka mbele wanazuoni watatu, Alfasi wa Fez, Maimonides na Asher ben Yehiel, wawili wakikubaliana, basi hao ndio wafuatwe. Muhtasari wake, Shulchan Aruch, maana yake meza iliyoandaliwa, ulichapishwa Venice mwaka 1565.

Nyepesi, naam, lakini haikuwa ya haki kwa wote. Alfasi na Maimonides walikuwa watu wa mila za Hispania na Afrika ya Kaskazini, hivyo Wayahudi wa Ujerumani na Polandi mara nyingi walishindwa kabla ya kura kupigwa. Moses Isserles wa Kraków aliliona hilo. Hakukitupa kitabu, alitia nyongeza zake katikati ya maneno ya Karo, akaziita kitambaa cha meza. Karo aruhusu mchele wakati wa Pasaka. Isserles aongeza papo hapo kwamba kwao desturi ni kuukataza, na isibadilishwe.

Naupenda sana ukurasa ule. Wachapaji waliyapa maneno ya Karo herufi za mraba, na ya Isserles herufi za namna nyingine, hata asiyejua sheria atambue kwamba hapa wanasema watu wawili. (Maimonides mwenyewe alilaumiwa kwa kutoa hukumu bila kutaja alikozitoa.)

Basi hicho ndicho kipimo changu. Mradi wa Bar-Ilan, ulioanza mwaka 1963, uliingiza majibu ya marabi wa karne nyingi katika kompyuta, kila jibu na mwenyewe. Lakini jibu fupi lisilo na jina humpotosha mtu hata likiwa kweli. Desemba 2015 kamati ya marabi wa Kikonsavativu wa Marekani iliwaruhusu watu wa mila ya Isserles kula wali wa Pasaka. Waothodoksi hawakuifuata. Msichana akisoma ruhusa hiyo tupu, bila kuambiwa ni ya nani, akampikia wali mama mkwe Mwothodoksi wa mila hiyohiyo, sahani itarudi jikoni haijaguswa.