Feza za chuma na medali za Congo: nani amekumbukwa, nani amesahauliwa?

Mtoto aliyezaliwa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia baada ya mwaka 1998 hajapata kununua mkate kwa feza ya chuma ya inchi yake. Faranga ya Congo ni karatasi tupu. Mama wa soko anaikunja ndani ya kitenge, mvua inailowesha, inapasuka, inabandikwa na skochi, kisha inarudi tena sokoni. Mtu anayetaka kusikia chenji ikilia mfukoni avuke mpaka mpaka Gisenyi, kwa maana Rwanda bado ina feza za chuma.

Na tena, watu wa Ulaya na Marekani wanaokusanya feza za zamani wana masanduku ya feza za chuma zilizoandikwa "République Démocratique du Congo". Ziko zenye sura ya Papa John Paul wa Pili, za mwaka 2004. Ziko zenye wanyama, za mwaka 2002. Mwaka 2005 ilitoka hata moja ya faranga 5 iliyotengenezwa kwa mbao, na juu yake gorila. Zote zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Mkongomani wa kawaida hajaziona sokoni hata siku moja.

Feza ya ukumbusho na medali ni vitu vidogo, lakini vinasema jambo kubwa: ni nani mwenye mamlaka, na yeye anataka watu wakumbuke nini. Tukipanga feza na medali za Congo moja baada ya nyingine, tunaona historia ya inchi jinsi wakubwa walivyotaka ionekane. Tunaona pia wale ambao hawakuwekwa juu yake.

Msalaba wa shaba

Feza ya kwanza ya chuma Congo haikuletwa na mzungu. Kule Katanga, mafundi walichimba shaba na kuiyeyusha karne nyingi mbele ya Wabelgiji kufika. Waliimimina katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo imefukuliwa katika makaburi ya zamani ya bonde la Upemba, kando ya mto Lualaba. Iliyokuwa mikubwa ilifika karibu sentimita 20 toka pembe mpaka pembe. Kwa misalaba hiyo watu walifanya biashara na kutoa mahari.

Juu yake hapakuwa na sura ya mfalme. Thamani yake ilikuwa shaba yenyewe na kazi ya fundi.

Mfalme asiyefika

Mwaka 1885 Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alijipatia Congo kama mali yake mwenyewe. Kuanzia mwaka 1887 feza zake zilitoka: ndogo za shaba zilikuwa na tundu katikati, kubwa za madini ya feza zilikuwa na sura yake na ndevu zake. Upande wa pili kulikuwa na maneno ya Kifaransa, "Travail et Progrès", maana yake Kazi na Maendeleo.

Leopold hakukanyaga udongo wa Congo hata mara moja. Na wanavijiji waliolazimishwa kukusanya mpira porini hawakulipwa feza hizo. Wengi walipewa vipande vya waya wa shaba vilivyoitwa mitako, ao nguo, ao chumvi, na wengi hawakupewa kitu. Waliokosa kufikisha kilo zilizotakiwa walipigwa fimbo, wake zao walifungwa, vijiji vilichomwa. Ubaya huo ulipojulikana ulimwenguni, Leopold alilazimika kuiachia dola ya Ubelgiji Congo, mwaka 1908. Maneno ya kazi na maendeleo yamebaki juu ya feza mpaka leo.

Leopold alipenda medali pia. Mwaka 1888 aliunda nishani ya Nyota ya Afrika, na mwaka 1889 Nyota ya Utumishi, kwa watu waliomtumikia Congo. Kwa machifu kulikuwa na medali nyingine, iliyovaliwa shingoni. Waliitwa kwa Kifaransa "chefs médaillés". Medali hiyo haikuwa pambo. Aliyeivaa alitakiwa kutoa wafanyakazi, wapagazi, askari na kodi. Kuna mahali ambapo aliyeivaa hakuwa mtu wa ukoo wa kutawala, alikuwa tu mtu aliyekubali kufanya kazi ya serikali. Mizozo ya ufalme katika sehemu nyingi za Congo ina mizizi katika wakati huo, ambapo kipande cha chuma kiliweza kupita ukoo.

Tabora, na wale waliobeba mizigo

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika Afrika, jeshi la Congo Belge, Force Publique, lilitoka upande wa Kivu na kuingia inchi zilizotawaliwa na Wajerumani. Mwezi wa tano 1916 liliingia Kigali. Mwezi wa saba lilichukua Kigoma. Tarehe 19 Septemba 1916 liliingia Tabora, katika Tanzania ya leo.

Ubelgiji ilifurahi sana. Inchi yenyewe ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wajerumani, na ushindi huo ulitoka Afrika. Medali ya vita vya Afrika ilitengenezwa. Jenerali Charles Tombeur, aliyeongoza jeshi hilo, baadaye alipewa cheo cha baroni na jina la mji likaongezwa kwa jina lake: Tombeur de Tabora.

Lakini askari wengi wa jeshi hilo walikuwa Wakongomani, na chakula, risasi na vyombo vyao vilibebwa kichwani. Barabara za magari hazikuwepo. Wapagazi walitolewa vijijini kwa maelfu mengi, wengi toka Kivu, Maniema na Katanga, na maelfu walikufa kwa njaa, baridi ya milimani, kuhara na uchovu. Jina la Tabora lilipewa jenerali mmoja. Majina ya wapagazi walio wengi hayakuandikwa mahali popote.

Tembo wa pembe sita

Katika vita ya pili ya dunia Ubelgiji ilikamatwa tena na Wajerumani, na kiwanda chake cha feza hakikuweza kufanyia Congo kazi. Ndiyo sababu mwaka 1943 feza ya faranga 2 ya Congo ilitengenezwa Philadelphia, Marekani. Ilikuwa na pande sita, na picha ya tembo. Mwaka 1944 ikatoka ya faranga 50, ya madini ya feza, nayo pia na tembo, iliyotengenezwa Pretoria, Afrika ya Kusini. Wakusanyaji wanazitafuta mpaka leo kwa sababu ni nzuri.

Mwaka 1941 askari wa Congo walikuwa wamepigana na Waitaliani huko Ethiopia. Tarehe 3 mwezi wa saba mwaka huo, jenerali Muitaliani alisalimu amri kwao katika mji wa Saio. Waliorudi walipewa medali iliyoandikwa "Abyssinie". Wakati huohuo vijijini, wanaume walilazimishwa kufanya kazi za vita mpaka siku 120 kwa mwaka, na kurudi porini kutafuta mpira, kama wakati wa babu zao. Kwa kazi hiyo hapakuwa na medali.

Uhuru, na mwaka mmoja wa dhahabu

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwaka 1961 Katanga ilitoa feza zake za faranga 1 na faranga 5: upande mmoja ndizi, upande wa pili ule msalaba wa shaba wa zamani. Alama ya mafundi wa zamani ilifanywa alama ya dola mpya. Dola hiyo haikufika miaka mitatu. Januari 1963 ilikwisha mbele ya jeshi la Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1965 serikali ya Kinshasa ilitoa feza za dhahabu za kukumbuka miaka 5 ya uhuru, zenye sura ya Raisi Joseph Kasa-Vubu. Mwaka uleule, tarehe 24 Novemba, Mobutu alimwondoa madarakani. Dhahabu haiozi, lakini haikumlinda raisi aliyechorwa juu yake hata miezi kumi na miwili.

Mobutu naye hakuchelewa. Mei 1966 aliunda nishani ya Chui, Ordre national du Léopard, iliyokuwa ya juu kuliko zote. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo alimtangaza Patrice Lumumba kuwa shujaa wa taifa, ingawa ni yeye Mobutu aliyekuwa mkuu wa jeshi lililomkamata Lumumba mwaka 1960. Juni 1967 alibadilisha feza: faranga 1.000 zikawa zaire 1, na zaire moja ikawa na makuta 100. Wakati huo zaire moja ilikuwa dola 2. Sura yake iliwekwa juu ya makuta 5, na chui juu ya sengi 10. Neno "makuta" halijafa: mpaka leo Mkongomani anayesema hana makuta anataka kusema hana feza.

Mwaka 1975 Zaire ilitoa feza za kukumbusha watu kulinda wanyama: gorila na okapi kwa madini ya feza, chui kwa dhahabu. Gorila wa milimani anaishi Virunga, okapi katika msitu wa Ituri. Wanyama wa mashariki walifika mbali kuliko watu wa mashariki.

Kisha thamani ikaanguka. Januari 1993 serikali ilitoa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaanza kupora, na watu wakafa. Mwaka uleule zaire milioni 3 zikabadilishwa kuwa zaire mpya 1. Na tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100.000 zikawa faranga 1. Ukipiga hesabu, faranga moja ya mwaka 1998 ilimeza zaire bilioni 300 za zamani. Mzee aliyeficha akiba yake chini ya kitanda alibaki na karatasi za kuwasha moto.

Lumumba kwenye noti ndogo

Kati ya noti zilizotoka mwaka 1998 kulikuwa na ya faranga 1. Nyuma yake kulikuwa na picha ya Lumumba na wenzake wawili wakiwa wamekamatwa. Ni watu waliouawa huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Ni ukumbusho mzito, lakini uliwekwa kwenye noti ndogo, na bei zilipopanda noti hiyo haikununua tena hata peremende. Ilipotea mikononi mwa watu bila tangazo.

Mwaka 2010 Benki Kuu ilitoa noti ya faranga 500 ya kukumbuka miaka 50 ya uhuru. Leo nishani ya juu ina jina la mashujaa wawili, Kabila na Lumumba. Na tarehe 30 Juni 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki kwa mwili wake, lilizikwa Kinshasa kisha kurudishwa na Ubelgiji.

Cha kufanya na kile kilichobaki

Kuna familia ambazo bado zina feza ya tembo ao medali ya babu, imefungwa ndani ya kitambaa. Kuna nyingine zilizokuwa nayo, ikabaki nyumbani siku ya kukimbia. Mtu anayekimbia na watoto anabeba sufuria, godoro na chakula, habebi ukumbusho.

Anayeitunza bado asiisugue kwa mchanga ao ndimu ili ing'ae, kwa sababu kusugua kunafuta maandishi na kupunguza thamani. Asimwamini haraka mtu anayepita akisema feza ya zamani inanunuliwa kwa maelfu ya dola. Feza nyingi za zamani zilitengenezwa kwa mamilioni na bei yake ni ndogo. Atakayetaka kuuza aulize kwanza kwa watu zaidi ya mmoja.

Lililo la lazima zaidi ni jina. Medali ya Tabora ao ya Abyssinie haina jina la mwenyewe juu yake. Bila mtu wa kusema "hii ni ya babu yetu, alitoka kijiji hiki, alitembea mpaka kule", inabaki chuma tu. Basi wazee waulizwe wangali hai, na majibu yaandikwe kwenye daftari ao kwenye simu: jina, kijiji, safari, waliorudi na wasiorudi. Aliyepoteza medali njiani bado anaweza kuandika jina.

Kila tarehe 2 Agosti Congo inakumbuka wahanga wa vita zake, siku inayoitwa Genocost, kwa maana vita ya pili ilianza tarehe hiyo mwaka 1998. Wahanga hao hawajapata feza wala medali, kama wapagazi wa mwaka 1916. Wapagazi walisahauliwa kwa sababu hapakuwa na aliyeandika. Waliokimbia vijiji vyao leo wako na watoto waliosoma, na daftari la shule linatosha kuanzia.