Ndege Haina Nanga

Msafiri apitaye Ndia Kuu mjini Mombasa, akiipa mgongo Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, huwa hatua chache tu kutoka bandari ya kale iliyowapokea kwa karne nyingi manahodha wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Na elimu kubwa ya watu hao, kwa rai yangu, haikuwa kupambana na tufani bali kuiepuka. Walikuja na kaskazi, wakarejea na kusi ingali changa, na kusi ikishatia ukali bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa, vyombo vikatia nanga au vikapandishwa pwani, kila kimoja mahali pake, visije vikagongana.

Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zilizosafiri baina ya Southampton na Durban, zilianza kutua Mombasa, na mtu angaliweza kuzidhania kuwa ni majahazi yaliyoota mbawa. Vita Vikuu vya Pili vikaja, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakajenga kiwanja Port Reitz, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Na hapo hoja ikabadilika, kwani rubani aliyekutwa na wingu la radi hana pa kutia nanga, na akisimama huanguka.

Kabla ya rada, mwongozaji ndege mnarani alikuwa na sauti ya redio, saa ya ukutani, na vipande vyembamba vya karatasi, kimoja kwa kila ndege, vimeandikwa jina lake, kimo chake na saa ya kuwasili, naye akivipanga kwa mkono, hiki juu, hiki chini. Kanuni yake ilikuwa kwamba ndege mbili za njia moja zitengwe kwa futi 1,000 za kimo, la sivyo kwa muda, aghalabu dakika 10. Lakini dhoruba haiheshimu karatasi: rubani huomba ruhusa ya kulikwepa wingu, upepo humpandisha na kumshusha bila hiari yake, na radi hiyohiyo hukwaruza redio hata maneno yakapotea, basi mwongozaji hana budi kumpisha kwa nafasi pana zaidi, na waliobaki kuwaamuru wazunguke, kila mmoja katika kimo chake.

Mvua ya Mei ikishika Ndia Kuu, maji hushuka kwa vichochoro hadi bandarini, na waliojikinga barazani husikia mvumo juu ya mawingu ukienda, ukirudi, ukienda tena. Huenda ni ndege ya Nairobi, imeambiwa ingoje zamu yake.