Mluhya Kufundisha Sauti ya G: Nani Aliamua Mwalimu wa Lugha ni Nani?

Wasee, swali ninaloulizwa zaidi tangu nirudi Kakamega si la mshahara wala la chakula cha Thailand. Ni hili: "Kwani walikubali aje Mkenya awafundishe Kiingereza?" Na wanaouliza ni Wakenya wenzangu, watu waliofanya KCSE yote kwa Kiingereza isipokuwa karatasi ya Kiswahili.

Jibu fupi: walikubali. Nilifundisha miaka miwili katika shule ya binafsi ya lugha mjini Chiang Mai, na sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo. Jibu refu ni la historia, na haliendi London. Linaanzia Berlin, na lugha iliyokuwa ikifundishwa huko ni Kiswahili.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin. Walikuwa na koloni jipya huku Afrika Mashariki na maofisa waliohitaji kuongea na watu kabla ya kuwatoza kodi. Wakaagiza walimu kutoka pwani. Sleman bin Said alitangulia, kisha Amur bin Nasur kutoka Zanzibar, aliyefundisha kuanzia 1891 hadi 1895. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu wa chuo cha Kurani. Huyu ndiye nataka mumjue.

Mtoro alijua Kiswahili kuliko mtu yeyote katika lile jengo. Lakini cheo chake kilikuwa cha msaidizi. Kazi ya mtu wa pwani ilikuwa kusoma na kuzungumza na wanafunzi ili waisikie lugha, na profesa Mjerumani ndiye aliyekuwa bosi wa somo. Mwaka 1903 kitabu kikubwa cha desturi za Waswahili kilichapishwa. Sehemu kubwa aliiandika Mtoro. Jina lililokuwa mbele ni la Carl Velten, mkubwa wake. Ilibidi tungoje tafsiri ya Kiingereza ya 1981 ndipo Mtoro atambuliwe wazi kama mwandishi. Karibu miaka 80, maze.

Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani, lakini walipofika Dar es Salaam serikali ya kikoloni haikutaka kuona Mwafrika akiishi na mke Mzungu pale. Wakarudi Ujerumani. Baadaye akafanya kazi Hamburg chini ya Carl Meinhof, kisha akawa anazunguka akitoa mihadhara kuhusu Afrika. Alifia Berlin mwaka 1927, na Bagamoyo hakuiona tena.

Sasa angalia vile mambo yamegeuzwa. Berlin ya wakati ule, ukizaliwa ndani ya lugha unakuwa msaidizi, na aliyejifunza ukubwani ndiye mkubwa. Leo nenda Korea Kusini ukaombe visa ya mwalimu wa lugha, ile wanaita E-2. Kwa Kiingereza wanataka pasipoti ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Hapo aliyejifunza lugha shuleni ndiye anabaki nje. Kanuni imepinduliwa juu chini, na bado sisi ndio tunaangukia upande wa hasara. Kama ni ujuzi ulikuwa unapimwa, si angalau mara moja ungetuangukia?

Nirudi nyumbani kidogo. Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa Kanisa la Friends, wale tunaowaita Quaker, walifika Kaimosi. Siku hizi Kaimosi ni Vihiga, lakini wazee watakukumbusha kwamba hadi 1990 Vihiga yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Kakamega. Shuleni tunafundishwa kwamba wamisheni walikuja kutusomesha. Sawa. Lakini Emory Rees angeanza wapi kufundisha kabla ya yeye mwenyewe kufundishwa Lulogooli? Alifanya kazi ya kutafsiri Biblia pamoja na Joel Litu, mtu wa Maragoli. Kwa hiyo miongoni mwa walimu wa kwanza wa lugha katika eneo letu walikuwa watu wetu, na mwanafunzi alikuwa mgeni. Hakuna anayewaita hivyo. Wanaitwa wasaidizi, kama Mtoro.

Baada ya uhuru wakaja vijana wa Peace Corps, kuanzia katikati ya miaka ya 60, wengi wakafundisha katika shule za harambee. Siwachukii, hata kidogo. Kuna wazee hapa bado wanawasifu walimu wao. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeuliza, "Kwani Wakenya walikubali aje?"

Chiang Mai sasa. Mnajua Waluhya tunavyochekwa: gari ni kari, baba ni papa, na mchekeshaji yeyote wa Nairobi akikosa stori anaigiza Mluhya. Primary nilivaa diski shingoni kwa sababu ya kuongea lugha ya mama, halafu nikiongea Kiingereza darasa linacheka ile K yangu. Nilijirekebisha mwenyewe, polepole, mkono kwenye koo, nikisikiliza pale sauti inapotetemeka na pale isipotetemeka.

Kumbe Kithai hakina sauti ya G. Kabisa. Wiki yangu ya kwanza mpishi wa hoteli, mama wa makamo, alikuwa akijiandaa kuwaelezea watalii menyu, na kwake mbuzi na koti la kuvaa lilikuwa neno moja. Mwenzangu Mwingereza, jamaa poa sana, alimrudishia neno sahihi mara nane, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Hakuwa na njia nyingine. Yeye hajawahi kuitafuta G, alizaliwa akaikuta mdomoni.

Mimi nilimwambia aweke vidole kwenye koo. Sema K. Hakuna kitu. Sasa sema G. Akanitazama kama nimemwonyesha mazingaombwe. Jioni ile darasa zima lilikaa limeshika shingo, watu kumi na mbili wananguruma kama pikipiki zinazokataa kuwaka, tukicheka hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Baada ya mwezi, msimamizi wa shule alianza kuniletea wale wanaoanza kabisa. Alisema mimi najua mahali wanapokwama. Kuna shule nyingine mjini humo iliyonikataa kwa barua pepe ya mstari mmoja, ati wazazi wanataka "mzawa wa lugha". Hii ilinilipa sawa na yule Mwingereza, na ratiba yangu ilikuwa imejaa.

Yule mama alinitumia picha mwezi uliopita. Menyu mpya ya hoteli, Kithai na Kiingereza, mchuzi wa mbuzi uko namba tatu, na chini ameandika kwamba akiulizwa anautaja bila kushika shingo.