Neno la Kukataa ni Amana

Leo tulitazame neno linalosikika mara nyingi redioni: kura ya turufu. Wacheza karata walilijua neno hili kabla ya wanasiasa. Kwao turufu ni karata ya aina iliyochaguliwa kuzishinda nyingine, na hata ikiwa ndogo huila kubwa. Katika serikali, maana yake ni uwezo wa mtu mmoja, au nchi moja, kulizuia jambo lililokwisha kubaliwa na wengi. Je, uwezo huu ni wa haki au wa dhuluma?

Tuanzie hapa Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alianzisha Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Miaka mingi ikapita hamna Mwafrika ndani yake. Mwaka 1945 wakateuliwa wawili wa kwanza, na mmoja wao alikuwa Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Mlima ukapata kiti, lakini kiti si nguvu. Sheria haikuwa sheria mpaka Gavana aikubali, na serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na uwezo wa kuitangua. Huku chini, mamangi walitoa amri, na ofisa wa serikali aliweza kuzifuta. Mkulima wa kahawa wa Machame hakuwa na njia ya kumwuliza Gavana kwa nini amekataa, wala kura ya kumwondoa. Hiyo ndiyo turufu ya dhuluma: aliyeishika hana wa kumjibu.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 1952 Thomas Marealle alitawazwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, kwa kuchaguliwa na watu. Alikuwa mtu wa elimu na heshima. Lakini baada ya miaka michache likazuka swali: aliyepewa cheo kwa kura, je, kwa kura aweza kuondolewa? Chama cha Chagga Democratic Party, kikiongozwa na Solomon Eliufoo, kikasema ndiyo, na kikataka rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu. Mwaka 1960 watu wakaulizwa, wakajibu kwa kura, na cheo kikaondoka. Simhukumu Marealle. Ibra ni kuwa waliotoa amana ndio waliobaki na neno la mwisho.

Toka mlimani twende New York, ambako turufu haina mlango wa kuipita. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lina wanachama 15, na 5 kati yao ni wa kudumu: Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1981 ndugu yetu Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo dhidi ya Kurt Waldheim. Salim alipata kura za kutosha, Marekani ikamzuia. Waldheim naye alipopata za kutosha, China ikamzuia, mara 16. Mwisho wote wawili wakakaa kando, akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Hakuna sheria iliyoilazimisha nchi kubwa kutoa sababu, wala wingi wa kura haukufaa kitu.

Katiba yetu ya mwaka 1977 imekwenda njia nyingine. Rais aweza kuukataa muswada wa Bunge, lakini yampasa aurudishe pamoja na sababu zake. Wabunge wakiuunga mkono tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Rais ana siku 21: aukubali, ama alivunje Bunge. Na Bunge likivunjwa, yeye naye hurudi kwa wananchi. Hapa turufu ina sababu, ina mpaka, na ina gharama kwa anayeitumia.

Na kabla ya katiba zote tunao mfano bora. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliona wabaki Madina. Wengi, hasa vijana, wakataka kutoka. Nani angempinga lau angesema hapana? Lakini alisikiliza shauri, akatoka nao. Vita vikawa vizito, na hata hivyo Qurani, katika Sura ya Al Imran, baada ya Uhud ikamwamrisha aendelee kushauriana nao.

Basi, ndugu msomaji, turufu haiko Ikulu tu. Baba anayo nyumbani, mwenyekiti anayo chamani, mzee anayo katika kamati ya msikiti. Kukataa mara nyingine ni wajibu, kwani wengi nao hukosea. Lakini unapokataa, toa sababu, jua mpaka wako, na uache mlango kwa wenzio kukurudi. Asiyeweza hayo, amana hiyo imemshinda.