Kila hitilafu ya sauti kwenye kompyuta ina mwaka wake

Nikiwa Homa Bay au Migori, watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu, swali la kwanza huwa si la virusi. Huwa ni sauti. Mmoja atasema kompyuta yake imekuwa bubu. Mwingine ameunganisha redio kaseti ili ahamishe kanda za zamani, lakini akisikiliza alichorekodi anapata mvumo tu.

Huyu wa pili ndiye ananifanya niandike leo. Nyumba nyingi za huku bado zina kanda: benga, mahubiri, matanga, wazee wakihesabu vizazi vya ukoo. Tuangalie basi historia ya sauti kwenye kompyuta, kwa sababu ukijua kila sehemu iliingia lini na kwa nini, utajua pia pa kutafuta tatizo.

Tuanze na kanda yenyewe. Kaseti ililetwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani yake mna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku, unaotembea chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Joto, unyevu na vumbi vinauchosha. Nyimbo za D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, ng'ambo ya mpaka ukitokea Migori, aliyefariki 2006, zilitolewa kwa nakala nyingi, hivyo ukipoteza moja utapata nyingine. Lakini visiwani Mfangano na Rusinga, ambako Kisuba kimekuwa kikimezwa na Dholuo, kanda ya bibi anayesimulia kwa Kisuba inaweza kuwa nakala pekee duniani. Hiyo haina dukani.

Sasa kompyuta. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kispika kidogo cha kupiga mlio tu. Kadi ya AdLib ya 1987 ilipiga muziki lakini haikuweza kurekodi. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta Sound Blaster, na mtu wa nyumbani akaweza kurekodi, japo kwa biti 8 na mono. Kadi hizo ziligombania njia za mawasiliano na vifaa vingine, na mwenye kompyuta ndiye aliyepanga namba kwa mkono. Windows 95 ilijaribu kuifanya kazi hiyo yenyewe.

Mwaka 1997 Intel ilitoa kanuni iitwayo AC'97. Sauti ikaanza kuhama kutoka kwenye kadi na kuwa chipu ndogo juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Bei ikashuka, lakini kila chipu ilitaka draiva yake. Ukiweka Windows XP upya na CD ya ubao umeipoteza, kompyuta inakuwa bubu. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti, na kupakua draiva ya megabaiti kadhaa kwenye saiba ilikuwa gharama. Kompyuta nyingi zilihukumiwa "zimeungua" wakati zilikosa faili tu. Ndiyo maana hadi leo jambo la kwanza ni kuuliza: je, mfumo unaiona chipu ya sauti?

La pili ni matundu. Mwongozo wa PC 99, wa Microsoft na Intel, ndio uliotupa rangi: waridi kwa maikrofoni, kijani kwa spika, buluu kwa sauti inayotoka kwenye redio au kaseti. Si mapambo. Tundu la waridi linakuza mawimbi dhaifu ya maikrofoni. Ukichomeka redio kaseti hapo, sauti inapasuka, na mara nyingi unapata upande mmoja tu. Laptopu nyingi hazina tundu la buluu, na za siku hizi zina tundu moja la kila kitu. Suluhisho ni kifaa kidogo cha sauti cha USB, ila hakikisha kina tundu la kuingizia sauti ya redio, maana vingi vina la maikrofoni pekee.

Na ule mvumo? Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na kwenye nyumba isiyo na waya mzuri wa kwenda ardhini mtetemo huo huingia kwenye rekodi. Chomoa chaja, tumia betri, sikiliza tena.

La tatu ni programu. Windows Vista, iliyofika madukani 2007, iliipa kila programu sauti yake, hivyo moja inaweza kuzimwa wakati nyingine inalia. Windows 10 ya mwaka 2015 ina swichi ya faragha inayoweza kuifunga maikrofoni bila wewe kujua. Tena kuna vichujio vya kuondoa kelele, vilivyotengenezwa kwa ajili ya maongezi. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kidoleni mguuni na kugonga nayo chombo, huku njuga zikilia. Kichujio hudhani hizo ni kelele na kuzikata. Unabaki na wimbo usio na miguu. Kizime kabla ya kurekodi muziki.

Kwa hiyo fuata historia: chipu na draiva, kisha matundu na umeme, kisha programu. Kwa kurekodi tumia Audacity, ya bure tangu mwaka 2000. Weka hezi 44,100, biti 16, stereo, uhifadhi kwa WAV. Kanda ya dakika 60 itakula kama megabaiti 635. MP3 utatengeneza baadaye.

Jambo moja la mwisho. Majaribio yote yafanye kwa kanda usiyoijali. Kila mara utepe mzee unapopita kwenye mashine unasuguliwa, na unaweza kukatika. Ile ya bibi iingize siku ambayo kompyuta imeshathibitika kusikia vizuri.