Selimundu ilitoka wapi? (Sehemu ya 3)

Mama wa Mpanda, selimundu siyo kurogwa, wala siyo mkosi wa upande wa mama. Maelfu ya miaka iliyopita, kinasaba cha damu kilikosewa "herufi" moja tu mwili ulipokinakili. Mtoto aliyerithi kwa mzazi mmoja, malaria kali haikumuua kirahisi. Akakua, akazaa, akarithisha. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye aliyeugua.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kinasaba hiki kimejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria nyingi, ila milimani ni adimu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi.

Katavi malaria bado ipo, na kinasaba hiki pia. Kwa hiyo msimlaumu mama. Pimeni wote wawili, baba naye aje.